Uji wa Mwezi wa Nne

Binti yangu alipofikisha miezi mitatu, mtaa wetu wote hapa Baraka ulikuwa umeshaamua kwamba ana njaa. Jirani aliyeanika samaki wadogo wa ndagala mbele ya mlango wetu aliamua hivyo kwa sababu mtoto alinyonya vidole. Bamama wa korali waliamua hivyo kwa sababu alilia wakati wa mahubiri, kana kwamba wao hawakutamani kulia. Shemasi mmoja wa kanisa letu, mwanaume ambaye sijawahi kumwona akibeba hata mtoto wake mwenyewe, alimchungulia mgongoni mwangu akasema kwamba maziwa ya mama ni maji tu, na maji hayakazi mifupa. Nilimwitikia kwa heshima kama inavyotakiwa. Nyumbani nikamwigiza mbele ya mume wangu, mpaka kidevu chake cha kutoa hukumu.

Mimi nafundisha shule ya msingi. Kwenye kituo cha afya tulikuwa tumeambiwa miezi sita ziwa peke yake, hata maji hapana, na mimi niliyashika maneno hayo kama mtu anayejua kusoma. Siku za kupima kilo nilikaa kwenye benchi nikiwafundisha bamama wengine bila kuombwa. Mmoja wao, mwanamke kijana aliyetoka upande wa Lusenda, alikiri kwamba mtoto wake anakula uji tangu mwezi wa nne, kwa kuwa yeye hushinda shambani kwa watu. Nilimweleza habari za tumbo la mtoto mchanga kwa sauti ambayo benchi lote lilisikia. Alinisikiliza akiangalia miguu yake. Mimi nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Likizo yangu ya uzazi ilipokwisha, mama mkwe aliteremka kutoka Fizi-Centre kunisaidia. Alifika kwa pikipiki, mfuko wa unga wa muhogo mapajani na kibuyu cha mawese mkononi, akamchukua mtoto kabla hajanisalimia. Alimpapasa mbavu kama mtu anayechagua kuku sokoni.

"Huyu mutoto iko mwepesi," alisema.

Nilimweleza mambo ya miezi sita. Nilimweleza taratibu, nikitaja kila kitu mara mbili, vile ninavyofanya na watoto wa mwaka wa kwanza. Alinijibu kwamba yeye alizaa wanane. Mume wangu naye, pale pale, akakumbusha kwamba mama yake alizaa wanane. Niliwaza moyoni kwamba aliwazika watatu, lakini hilo si jambo la kumwambia mtu anayekaa kwenye mkeka wako.

Tulikubaliana kwamba saa ya mapumziko mama mkwe ataniletea mtoto shuleni ninyonyeshe. Juma la kwanza mambo yalikwenda vizuri. Juma la pili mtoto alianza kukataa. Nilimpa ziwa pale barazani, akageuza uso, akacheka na ukuta. Nilirudi darasani maziwa yakitiririka, nikaandika hesabu ubaoni huku daftari nimelibana kifuani. Nilimwuliza mama mkwe kuna nini. Alisema mtoto amelala vizuri, basi hana njaa. Na mimi, mwanamke mwenye elimu, niliamini.

Kisha akaanza kuharisha. Siku ya pili macho yake yalikuwa yameingia ndani, na nilipombeba alikuwa mlegevu kama nguo iliyolowa. Tukaenda kituo cha afya, mimi na mama mkwe. Benchi lilikuwa limejaa. Muuguzi, mwanamke mnene asiyependa kurudia swali, alimtazama mtoto, akauliza amekula nini.

"Ziwa tu," nilisema. "Hajaonja kitu kingine tangu azaliwe."

Nilisema kwa majivuno, mtoto akiwa katika hali ile, na hilo bado linanichoma. Muuguzi alifungua kitambaa alichofungwa mtoto kiunoni, akakiangalia, kisha akakinyanyua kunielekea ili nami nione. Ndani yake mlikuwa na chembechembe nyeupe, na harufu yake ilikuwa ya muhogo uliochachuka.

"Ziwa haina unga, mama," alisema. "Mutanidanganya mpaka lini?"

Nilimgeukia mama mkwe. Alikuwa anaangalia dirisha. Kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko, akiunga mkono maneno ya muuguzi, na kusema bamama wa siku hizi hawasikii. Hakuna mtu aliyewahi kunidharau kwa utulivu kama ule. Wanawake wa benchi walinitazama, nami nilizijua zile nyuso, maana nilikuwa nimeshazihubiria karibu zote. Yule wa Lusenda alikuwepo. Alisogea, akanipa nafasi ya kukaa. Afadhali angenicheka.

Mtoto alipewa maji ya dawa kidogo kidogo kwa kijiko, na mchana alianza tena kunyonya. Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, lakini njiani nilibaki na swali moja tu.

"Ulianza kumupa lini, mama?"

"Siku ile ulirudi kazini," alisema. Akatembea kidogo, kisha akaendelea bila kunitazama. "Bwana yako alikuwa na miezi miwili tukikimbia vita. Tulilala mu pori, sikula. Maziwa ikakauka, yote. Nilitafuna muhogo nikamutemea mu kinywa. Ule mutoto akaishi. We unaniambia maziwa inatosha. Mi niliiona vile inaishaka."

Nilimwelewa. Si kwamba nilimsamehe siku ile. Nilikuwa bado nanusa kile kitambaa. Lakini nilielewa kwamba kila asubuhi nilipofunga mlango na kwenda shuleni, yeye alibaki na mtoto na hofu ambayo hakuna muuguzi aliyewahi kuiuliza, wala mimi. Nilimwambia kwamba hapa hakuna pori, nakula, maziwa yapo, na kama anaogopa aniletee mtoto hata mara tatu kwa siku darasani. Alifanya hivyo. Mkuu wa shule alinung'unika, nikamwacha anung'unike.

Hadithi ingeishia hapo, mimi ningebaki nimeshinda, na ndivyo nilivyotaka. Miezi sita ilitimia. Mtoto alikuwa anakaa wima, anafuata kila tonge la baba yake kwa macho, mdomo wazi. Siku moja aliuvamia ugali kwa mikono miwili. Mama mkwe alinitazama. Na mimi sikumpa. Nilisema tungoje kidogo, tumbo lake liliumizwa. Ukweli ni kwamba sikutaka kumwona yule mama akishika kijiko na kudhani alikuwa na haki tangu mwanzo. Nilingoja karibu miezi miwili, mwalimu mwenye kanuni, nikimnyima mtoto chakula ili nimkomoe bibi yake.

Siku ya kupima kilo muuguzi yule yule aliangalia mchoro wa kilo kwenye fishi ya mtoto. Mstari wake ulikuwa umelala.

"Anakula nini?"

"Ziwa tu," nilisema, safari hii kwa sauti ndogo.

"Nilisema sita, mama. Sikusema nane."

Alinielekeza uji mzito unaong'ang'ania kijiko, si ule wa kunywa kama chai, na ndani yake ndagala iliyosagwa, mawese kidogo, ndizi, na majani ya lengalenga. Benchi lilisikia lote, na sikumfundisha mtu yeyote siku hiyo.

Nyumbani nilijaribu kutwanga ndagala mwenyewe. Miiba ilibaki, na ingemkaba hata mtu mzima. Mama mkwe alikuwa uani akichambua maharage, akiniona vizuri kabisa, akingoja. Nikaenda na kinu mpaka miguuni pake.

"Mama, unisaidie."

Alikaanga ndagala upya bila mafuta mpaka zikawa zinavunjika zenyewe, akatwanga, akachunga mara mbili kwa kitambaa safi. Kijiko alinipa mimi. Mtoto alitema cha kwanza, akatema cha pili, cha tatu akakimeza akakunja uso kama shemasi wetu.

Sasa ana miaka mitatu na anakula kila kitu isipokuwa lengalenga. Huko Fizi mama mkwe anawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyemwanzisha chakula mjukuu wake, tena mapema, na tazama alivyonenepa. Niliyasikia mwenyewe majigambo hayo tulipopanda kumsalimia, wanawake watano wakimzunguka na kuitikia. Nilikuwa na mimba ya pili tumboni. Mmoja wao alinigeukia akaniuliza huyu nitamwanzisha lini.

Nilimwambia amwulize muuguzi.