Mvua Juu ya Paa

Shangazi yangu, mwenye duka la fotokopi, hajui kutulia. Kiti chake hukipangusa tu, hakikalii. Jumamosi hiyo alikuwa akifagia palipokwisha kufagiwa, huku kinyozi na fundi viatu wakikisifu tena kitabu cha katuni cha shujaa mwenye joho, kile alichowatolea nakala enzi za ujana wao.

"Mchoraji alimaliza kazi kwenye ile mvua," alisema kinyozi. "Shujaa yuko peke yake juu ya paa, usiku mweusi tii, mvua inamchapa. Mimi pale machozi hunitoka."

Fundi akatoa mkobani kitabu halisi, cha rangi, alichokisaka mpaka akakipata. Wakafungua ukurasa ule. Paa lipo, shujaa yupo, mvua hakuna hata tone.

Shangazi akatupa ufagio, akafunua mashine yake, ile ile ya zamani. Kioo kilikuwa na mikwaruzo mshazari, juu hadi chini.

"Kumbe mnalizwa na kioo kibovu!" akafoka. "Leo hii nakibadilisha!"

Kinyozi akamsogezea kitabu. "Dada, tutolee kwanza huu ukurasa."