Ukoka Uliogeuka Gugu

Nyangau alipofika Sindo kutoka milima ya Kisii, alikuwa hajawahi kuona mtu akipanda nyasi. Kwao nyasi zilimea zenyewe, na kazi ya binadamu ilikuwa kuwakatia ng'ombe. Kwa hiyo Mama Orpah alipomwajiri katika nyumba yake ya wageni, juu kidogo ya ziwa, na kumwambia kwamba kazi ya kwanza ni kupanda ukoka, alidhani anataniwa.

Hakuwa anataniwa. Alipanda shina moja moja kwa mkono, akachota maji ziwani na kunyunyizia mpaka mvua ilipomwonea huruma. Ukoka ukashika. Baada ya misimu michache ulikuwa umejaa uwanja mzima, kuanzia ngazi za baraza hadi kwenye ua wa minyaa, na watu wakaanza kuja kufungia harusi pale. Maharusi wakipigwa picha, Nyangau alisimama pembeni na kofia mkononi, macho yake si kwa bibi harusi bali kwa visigino vyake vilivyokuwa vikitoboa ardhi.

Aliupenda ukoka ule. Mkewe, Nyamoita, aliyeuza nguo za mitumba kule Suna, Migori, alikuwa akisema kwamba mumewe akirudi nyumbani mwisho wa mwezi huulizia kwanza kama mvua imenyesha, kisha ndipo humuulizia binti yao Valentine.

Watu wawili tu pale Sindo walithubutu kugombana naye juu ya nyasi. Wa kwanza ni yeye mwenyewe, kila alipokuta amekata mahali vibaya. Wa pili alikuwa Benta, mpishi. Benta alipenda kutandaza turubai lake kwenye nyasi na kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, juu yake, kwa sababu pale jua lilipiga vizuri na mchanga haukuingia. Akiliondoa, huacha nyuma alama ya manjano ya umbo la mlango.

"Dada Benta, unaniulia ukoka!" Nyangau hulalamika.

"Kwani utakula ukoka, omera?" Benta humjibu, akimwita ndugu kwa Kijaluo huku akikunja turubai bila haraka.

Halafu kulikuwa na suala la magugu. Kila baada ya mvua vichipukizi vilijitokeza katikati ya nyasi: mchicha, mnavu, na mgagani, ile mboga chungu ambayo Benta, kwa Kijaluo, aliiita dek, na Nyangau, kwa lugha ya kwao, aliiita chinsaga. Nyangau alikuwa amelelewa kwa mboga hiyo. Lakini katika uwanja wake hakuitaka. Alichuchumaa na kisu kikuukuu, akaing'oa na mizizi yake, akaitupa nyuma ya jiko. Benta alikuwa akipita pale na kutikisa kichwa.

Mambo yalibadilika polepole. Hoteli kubwa ilifunguliwa karibu na lami, yenye mahema meupe na maegesho, na harusi zikahamia huko. Waliobaki kwa Mama Orpah walikuwa wafanyabiashara wa samaki, maafisa waliokuja semina, na wasafiri waliotaka chakula kizuri na kitanda safi. Hao hawakutazama nyasi. Waliuliza kama kuna mboga. Na mboga za Sindo, nyingi zilitoka mbali, zikifika jikoni zimelala kama vitambaa.

Asubuhi moja Mama Orpah alimwita Nyangau barazani, akamwekea kiti. Kumwekea kiti kulimtia wasiwasi.

"Baba Valentine," alisema, "nataka shamba la mboga."

"Nyuma ya jiko, mama? Pale ni mawe matupu."

"Si nyuma. Hapa." Alinyoosha kidole kuelekea uwanjani.

Nyangau alitazama kule kidole kilikoelekea, kisha akatazama viatu vyake. "Wote?"

"Wote. Najua umeulea. Lakini sasa unakula maji na hautupi chochote. Na nikikosa mtu wa kuaminika wa kuuondoa, nitaanza vibaya. Ndiyo maana nakuambia wewe."

Nyangau alikwenda kukaa kwenye kivuli cha ghala la vifaa mpaka Benta akamletea chai. Benta naye siku hiyo hakuwa na neno la mzaha. Alisema tu, "Kunywa ikiwa moto," akarudi jikoni.

Nyangau aliamua kwamba kama ni kuuondoa, basi uondoke haraka, asiuone ukifa. Alimwita Obare, jirani mwenye ng'ombe wa kulima, na kabla ya mvua za masika ng'ombe wakaingia na plau. Uwanja ulipinduliwa chini juu. Nyangau alisawazisha udongo, akapanda miche ya sukuma wiki kwa mistari iliyonyooka, akarudi nyuma kutazama. Aliumia kidogo, lakini alikiri kwamba panapendeza.

Mvua ikanyesha, na ukoka ukaamka.

Haukuamka kama ulivyokuwa. Plau ilikuwa imeikata mizizi vipande vipande, na kila kipande chenye fundo kilijifanya mche. Palipokuwa na shina moja sasa palikuwa na kumi. Ulitambaa kati ya mistari, ukapanda juu ya miche, ukaikaba. Nyangau alipalilia kwa jembe kuanzia alfajiri, na kila alipokata, alikuwa akizidi kuupanda. Kufikia katikati ya msimu sukuma wiki ilikuwa imedumaa, majani yake kama masikio ya panya.

Mama Orpah alikuja akasimama ukingoni. Hakumlaumu. Hilo lilimuuma zaidi.

"Tununue dawa ya kuua magugu?" aliuliza.

"Mama, pale chini ni kisima," Nyangau alisema, "na alasiri upepo wa ziwa hauna mwelekeo. Sitaki kuimwaga halafu tule mboga tukiwa na mashaka. Niache nifikirie."

Ukweli ni kwamba hakuwa na cha kufikiria. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amejifunza namna ya kufanya ukoka uishi. Namna ya kuuua hakuna aliyemfundisha, na jambo hilo lilimfanya ajione mgeni kwenye kazi yake mwenyewe. Alikaa kwenye ngazi za jiko akiwa ameshika konzi ya mizizi myeupe, akiivunja vunja.

Benta alikuwa akipepeta mchele. Alimtazama muda, kisha akaweka ungo chini.

"Nyangau, nikuulize. Si wewe uliyenifukuza pale uwanjani miaka nenda miaka rudi kwa sababu turubai langu linaua nyasi?"

"Ni mimi."

"Basi?"

Nyangau aliacha kuvunja mizizi. Benta akaanza kucheka, cheko la tumboni lililomfanya ashike ukuta, na Nyangau naye, ambaye hakuwa amecheka tangu siku ya kile kiti barazani, akajikuta anacheka mpaka machozi yakamtoka.

Walianza wiki hiyo hiyo. Nyangau alizunguka maduka ya Sindo akiomba makatoni. Alifyeka ukoka hadi chini kabisa, akaulowesha udongo, akatandaza makatoni yakipishana ili mwanga usipate pa kupenya. Kilichobaki kilikuwa kitu cha kuyakandamiza na kuyafunika. Majani makavu hayakutosha. Nyasi kavu aliziogopa kwa sababu ya mbegu.

Jibu lilikuwa mwaloni, pale ufukweni mashua za wavuvi zinapotia nanga. Upepo ulikuwa umesukuma magugu maji yakaziba njia ya mashua, na wavuvi walikuwa wameyavuta nchi kavu na kuyarundika kama vichuguu, wakiyalaani. Nyangau aliwaomba. Walimshangaa, wakamsaidia kuyapakia kwenye mkokoteni. Aliyaanika kwanza juu ya mabati mpaka yakakauka na kuwa mepesi kama makuti, ndipo akayatandaza juu ya makatoni.

"Watu wataniuliza mbona nimeleta takataka za ziwa mpaka uani," Mama Orpah alisema, akiziba pua.

"Waambie ni blanketi," Nyangau alijibu. "Aliyelala hufunikwa."

Kazi ngumu ilikuwa kingo. Nje ya ua wa minyaa kulikuwa na kijia, na kijia kilijaa ukoka huo huo, uliotoroka zamani kutoka kwake. Usiku na mchana ulinyoosha mikono yake chini ya ua ukirudi nyumbani. Nyangau alichimba mtaro kuzunguka shamba lote, wa kina cha mkono hadi kiwiko, akawa anaupitia kila asubuhi kabla ya chai na kukata kila mzizi ulioning'inia. Kile alichong'oa hakukirundika tena shambani. Alikitandaza juu ya mabati, jua likakimaliza.

Kisha akangoja. Kungoja ndiko kulikomshinda. Mara mbili alienda kunyanyua pembe ya katoni achungulie, na mara zote mbili Benta, aliyekuwa dirishani, alimpigia kelele kana kwamba amefunua sufuria ya wali kabla haujaiva.

Mvua za vuli zilipokaribia, alifunua kipande cha kwanza. Katoni lilikuwa limeoza, likachanika vipande mkononi. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, laini, umejaa nyungunyungu. Ukoka ulikuwa nyuzi nyeupe zilizolegea. Alivuta moja, ikatoka yote bila kukatika. Aliishika kwenye kiganja kwa muda. Alikumbuka jinsi alivyoinama akiipanda, kijana asiyejua kitu, mgongo ukimwuma. Kisha akaitupa kwenye mabati pamoja na nyingine.

Hakulima. Safari hii plau haikuingia. Alichomeka jembe la meno, akalegeza udongo bila kuupindua, akachambua masalia ya mizizi kwa vidole, akamwagia maji matuta na kuyaacha matupu. Alijua kuna mbegu za magugu zilizolala pale, na alitaka ziote kwanza, azikwangue zikiwa changa, ndipo apande.

Ziliota kama manyoya. Nyangau alichukua jembe, akainama tayari kukwangua, na Benta akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Ngoja! Unafanya nini?"

"Napalilia."

"Tazama kwanza unachopalilia!"

Akatazama. Majani madogo matano yaliyojikunjua kama kiganja. Mengine ya mviringo, yenye wekundu kwa chini. Mengine ya kijani kibichi, laini. Chinsaga, mchicha na mnavu. Mbegu ambazo ukoka, na kisu chake, vilikuwa vimezikalia miaka yote hiyo.

Nyangau alikaa juu ya tuta. Alichuma jani moja la chinsaga, akalisugua kwa vidole, akalinusa. Harufu ile ilimrudisha jikoni kwa mama yake, chungu kikichemka na maziwa yakisubiri.

"Hii ndiyo dek," Benta alisema kwa upole, akichuchumaa kando yake. "Na ulikuwa unaitupa."

"Nilikuwa naitupa," Nyangau alikubali.

Waligawana tuta. Yeye alitoa majani mengine yasiyofaa, na Benta akamwonyesha miche ipi ya mboga iachwe na ipi ipunguzwe ili iliyobaki ipate nafasi. Baada ya hapo ndipo sukuma wiki na kunde zikapandwa kwenye matuta mengine, na magugu maji makavu yakatandazwa katikati ya mistari. Magugu hayakwisha. Hakuna shamba ambalo magugu yamekwisha. Lakini sasa yalikuja machache, na yaling'oka kwa vidole viwili.

Mboga ziliposhamiri, Mama Orpah alizoea kutembea kati ya matuta jioni akiwa na kikombe chake. Siku moja alisema, kama mtu aliyelifikiria neno kwa muda mrefu, "Baba Valentine, sijui utanionaje. Hatuwezi kurudisha nyasi kidogo tu, pale katikati, duara la viti viwili vitatu?"

Nyangau alimtazama kuona kama anatania. "Mama, hata mimi naukumbuka," alisema. "Lakini ukoka haujui duara. Mwaka kesho utakuwa umekaa jikoni na Benta."

Mama Orpah alicheka. Walikubaliana kokoto na benchi, na Nyangau akavipanga mwenyewe pale katikati ya matuta.

Mwisho wa mwezi uliofuata alikwenda Suna na furushi la chinsaga limefungwa kwa kitambaa chenye maji. Nyamoita alilipokea mlangoni, akalifungua, akauliza amenunua wapi mboga nzuri namna hiyo. Nyangau alivua viatu, akaketi, akaanza kwa kumuuliza Valentine yuko wapi.