Thelathini na Saba ya Kabula

Enzi zetu, katika shule ya msingi tuliyosoma Mirongo, namba zilikuwa na wenyewe. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na desturi moja: aliyegundua jambo ndani ya namba, namba hiyo iliitwa kwa jina lake, na darasa zima lililazimika kuiheshimu.

Kabula, rafiki yangu wa dawati moja, aliipata thelathini na saba tukiwa darasa la nne. Alikuwa akitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, huku akiizidisha bila kuagizwa na mtu. Mara tatu, 111. Mara sita, 222. Mara tisa, 333. Kisha akachukua 185, ambayo ni thelathini na saba mara tano, akaihamisha tarakimu ya kwanza kwenda mwisho. Ikawa 851, nayo ikagawanyika kwa 37. Akahamisha tena, 518, ikagawanyika vilevile.

"Mwalimu, hii ukiizungusha haipotei njia!"

Tangu siku hiyo, hata tuliporuka kamba uwanjani, upepo wa ziwa ukituletea harufu ya dagaa walioanikwa, wasichana walihesabu hivi: "Thelathini na tano, thelathini na sita, ya Kabula, thelathini na nane!" Mimi niliikanyaga kamba makusudi kwenye thelathini na sita.

Nikatafuta yangu. Nikaileta tisini na moja, kifua mbele. "Ni namba tasa, Mwalimu. Haigawanyiki kwa yoyote ila moja na yenyewe."

Kabula hakuinua hata macho. "Saba mara kumi na tatu, shoga."

Darasa liliangua kicheko, nami nikaitwa Tisini na Moja hadi tulipomaliza la saba. Nyumbani nilimlilia mama. "Mwanangu, namba si ng'ombe, haziishi zizini," alisema. "Chagua nyingine." Sikutaka nyingine. Nilitaka ile ya Kabula.

Leo ninasomea shahada ya uzamili ya hisabati, na jopo limenirudishia tasnifu yangu. "Uthibitisho ni sahihi," waliniambia, "lakini haumshangazi mtu, hata wewe mwenyewe." Tangu hapo sijatulia chumbani kwangu Nyegezi. Kuhusu thelathini na saba najua kila kitu: mara ishirini na saba ni 999, na kuihamisha ile tarakimu ni kuzidisha kwa kumi, kisha kutoa 999 mara tarakimu yenyewe. Mistari miwili, imekwisha. Sikumbuki kama niliwahi kuifurahia.

Jana nilimpigia Kabula, ambaye sasa ni mfamasia Kisesa.

"Thelathini na saba? Ina nini?" Alikuwa amesahau kabisa! Nikamkumbusha. Kwanza alicheka: "Jamani, Tisini na Moja, mpaka leo?" Halafu nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi. "Hee! Inarudi! Baba Neema, hebu njoo uone!"

Watoto wa siku hizi huiuliza simu, ikawajibu kabla hawajashangaa. Nawacheka, ingawa sina haki. Sisi tulikuwa na chaki, michembe na mchana mrefu. Zamani nilimwonea wivu Kabula kwa kuigundua namba ile. Sasa ameigundua mara ya pili, nami nimeshika simu, nikimsikiliza akimwelekeza mumewe.