Sura Waliyoinyofoa

Wanafunzi wa darasa la nne walimwita Mama Chaki, kwa sababu hakuwahi kutoka darasani bila vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Miaka kumi na tisa alifundisha Kiingereza kwa kitabu kilekile: riwaya ya zamani ya watoto, iliyorahisishwa ikabaki kurasa arobaini na picha.

Mwaka huu binti mmoja wa dawati la mbele alinyoosha mkono. "Mwalimu, ukurasa wa kumi na nane bibi yake yule msichana anaumwa. Ukurasa wa kumi na tisa wote wanapanda maua. Bibi yuko wapi?"

Mama Chaki aliona aibu, maana hata yeye hakuwahi kujiuliza. Jumamosi nzima alipekua rafu za maktaba mpaka akakipata kitabu chenyewe, kinene kama tofali. Bibi alikufa humo, tena kwa sura nzima. Wajuaji wa kurahisisha walimnyofoa, wala hawakumzika.

Jumatatu akawasomea sura ile kwa Kiingereza chake kigumu vilevile, polepole, bila kutafsiri hata neno.

Mwalimu mkuu akaingia amekunja uso. "Mwalimu, hicho hakimo kwenye muhtasari. Hawa ni watoto, hawaelewi hata nusu yake."

Mama Chaki hakufunga kitabu. Alimwonyesha madawati kwa kidevu. Binti wa mbele alikuwa anajifuta machozi kwa ukosi wa sare, na jirani yake anavuta makamasi.

"Basi waulize wewe, Mkuu," alisema, "wanalilia nini."

Akafungua ukurasa uliofuata.