Makosa ya Makusudi Bekarini

Triza Nekesa alikuwa na siku chache tu za kumkamua Mzee Opicho kabla hajarudi kwao Bungoma, na mzee mwenyewe, jamani, alikuwa mgumu kama mkate wa juzi.

Opicho ndiye aliyekuwa mwokaji wa bekari ya akina mama wa mtaa wa Tena tangu ilipofunguliwa. Tanuri lao la kuni lilimsikiliza yeye peke yake. Alipougua homa, mikate ilitoka imeungua chini na mbichi katikati, wateja wakarudisha kreti zote. Sasa alikuwa anastaafu, na akina mama wakampa Triza, msimamizi wao, kazi moja: ujuzi wa mzee usipande basi naye. Ukipanda, bekari inafungwa.

"Mzee, unajuaje tanuri limepata moto wa kutosha?" Triza aliuliza, simu mkononi ikirekodi.

"Unaliangalia."

"Unaangalia nini?"

"Tanuri."

Haki ya Mungu! Triza alitamani kulia. Si kwamba mzee alikuwa mchoyo, la. Mkono wake ulijua mambo ambayo mdomo haukuwahi kuulizwa.

Basi asubuhi moja ya Julai, Ndindi, yule anayekanda unga, akaweka beseni lake dirishani. Mzee akaruka. "Wewe! Baridi yote hii unalaza unga dirishani? Utaumuka kesho kutwa! Weka kando ya tanuri, lakini usiuweke karibu na mlango, upepo unapita hapo!"

Triza nusura apige kelele kwa furaha. Kumbe! Huyu mzee haulizwi. Huyu mzee anachokozwa!

Kuanzia hapo ikawa sarakasi. Triza akatia kuni mbichi makusudi. Akaanza kupanga mikate kabla ya kupangusa sakafu ya tanuri kwa gunia lenye maji. Kila kosa likamtoa mzee maneno motomoto, na simu ikayameza yote. "Tupa unga mkavu kidogo ndani kwanza! Ukiwa mweusi papo hapo, ngoja moto upungue. Ukigeuka kahawia polepole, ingiza! Nani aliwaroga nyinyi?" Akina mama walikimbilia stoo kucheka. Jioni Triza akatuma sauti zile kwenye kundi lao la WhatsApp, nao wakazisikiliza wakisonga ugali.

Mzee akaagwa kwa pilau na maombi.

Asubuhi iliyofuata Triza aliwasha tanuri mwenyewe. Basi la mzee lilikuwa la mchana, lakini miguu ikamleta bekarini, akasimama mlangoni. Triza, kwa wasiwasi, akanyakua ubao wa mikate na kulikimbilia tanuri. Hakukumbuka kutupa unga, na safari hii hakuwa akiigiza. Mzee akafungua mdomo.

"Ghai, Triza!" Ndindi akamtangulia. "Moto umeujaribu? Rudisha hiyo mikate!"

Triza akatupa unga. Ukawa mweusi pale pale. Wakangoja, akatupa tena, ukageuka kahawia taratibu, na mikate ikaingia. Ilipotoka, mama yangu wee! Imeumuka, imeiva, inanukia hadi barabarani. Akina mama wakapiga vigelegele, majirani wakachungulia kutoka kwenye roshani zao.

Ndipo Triza alipomwona. "Mzee! Umesimama hapo tangu saa ngapi? Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini?" Opicho akaketi kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hakuwahi kuketi. "Niuzieni mkate mmoja wa safari."