Siku Niliyoomba Nishindwe Mdahalo wa Zebaki

Zebaki niliijua kabla sijajua kusoma. Shemeji, mume wa dada yangu, anachimba dhahabu upande wa Busia, mpakani. Kila Jumamosi anarudi Tororo na mchanga wake, anautia zebaki ikamate chembe za dhahabu, kisha donge linalopatikana analichoma kwenye karai, jikoni kwa dada, zebaki itoke kwa moshi na dhahabu ibaki.

Kwa hiyo darasa letu lilipofanya mdahalo kuhusu dawa yenye zebaki inayotiwa kwenye baadhi ya chanjo zisiharibike, na mimi nikapangwa kuipinga, nilijua nimeshamaliza kazi.

"Mheshimiwa spika, mtoto akidungwa hii kitu, mama yake hatampeleka kliniki tena. Atampeleka kwa mnunuzi wa dhahabu akapimwe gramu!"

Darasa hoi. Mwalimu mwenyewe alijificha nyuma ya daftari.

Jioni nikamrudilia dada hotuba nzima, na mikogo yake yote. Alicheka, halafu akaacha. Mwanawe alikuwa ametimiza wiki kumi na nne, na kesho yake ndiyo siku ya sindano. Dada akachukua kadi ya kliniki, akaisukuma chini ya godoro.

"Sisi hatuendi."

"Dada, nilipangwa tu upande ule."

"Kwa hiyo ulidanganya shule nzima?"

"Sikudanganya. Nilishinda."

Nyumba ya pili kulikuwa na mtoto mwenye kifaduro, ugonjwa ambao sindano hiyo huuzuia, anakohoa mpaka midomo inabadilika rangi. Nikamtazama mpwa wangu akinyonya ngumi yake. Nilimbembeleza dada mpaka akakubali jambo moja: niseme yale yale mbele ya muuguzi. Akikosa jibu, tunarudi nyumbani.

Asubuhi, kule kliniki, nikahutubia foleni ya kina mama. Walicheka, lakini moyoni nilikuwa naomba nishindwe.

"Umemaliza, mheshimiwa?" Muuguzi aliinua kichupa. "Hiki tunakitoboa mara nyingi, kwa watoto wengi. Dawa hiyo inazuia vijidudu visiote humu ndani. Ni zebaki ya aina nyingine, kidogo mno, na mwili unaitoa upesi. Imechunguzwa miaka mingi, haijaonekana kudhuru watoto. Paja litavimba kidogo, basi." Akamgeukia dada. "Sasa mama, hiyo ya dhahabu inachomwa wapi?"

"Jikoni, sista."

"Na mtoto anakuwa wapi?"

"Mgongoni kwangu."

Muuguzi akaweka kichupa mezani.

"Moshi ule ndio wa kuogopa. Zebaki isichomwe tena karibu na watu. Na huyu tutamwangalia vizuri leo."

Dada alimfunua mtoto paja mwenyewe. Mpwa wangu alipiga yowe ambalo nadhani lilivuka mpaka bila kitambulisho. Sijawahi kufurahia kelele kama zile. Nikakaa chini sakafuni.

Nje, dada akampigia shemeji. "Ukirudi Jumamosi, karai na zebaki yako vibaki huko huko Busia."

"Nani amekujaza maneno? Yule bingwa wenu wa mdahalo?"

Dada akanitazama, mtoto amelala begani kwake.

"Huyo leo ameshindwa," akasema. "Mungu asifiwe."