Maua ya Hekalu Yarudi Parklands

Saa moja kasorobo asubuhi, Wilondja Asende anavua viatu kwenye lango la nyuma la hekalu moja la Wahindu mtaani Parklands, Nairobi. Ametoka Uthiru kwa baiskeli na jasho halijamkauka. Kwa miaka miwili amekuwa akifika hapa na magunia matupu. Leo ana kapu lililojaa marigoldi, maua yenye rangi ya machungwa.

"Leo na miye nimeleta," anasema, akicheka peke yake kabla hata hajabisha.

Wilondja, 46, ni mkimbizi kutoka Fizi, mashariki mwa Kongo. Kwao alikuwa mkulima. Nairobi alisukuma mkokoteni, akabeba mawe ya ujenzi, akafanya kila kazi isipokuwa ile anayoijua. Siku hizi yeye na familia nyingine kumi na tatu za wakimbizi wanalima mboga kwenye nusu ekari waliyokodi Uthiru, na yeye ndiye anayewatengenezea wote mboji.

Shamba lenyewe walilipata likiwa limechoka. Lenga-lenga, yaani mchicha, za msimu wa kwanza zilitoka fupi na za manjano. Mfuko wa mbolea ya dukani, zaidi ya shilingi elfu tatu, ulikuwa ndoto.

"Tuliuza fungu shilingi ishirini, na mutu alinunua juu ya huruma tu," anakumbuka.

Siku moja, akibeba mawe jirani na hekalu, aliona magunia ya maua yaliyokwisha kutumika kwa ibada. Akaomba apewe. Msimamizi, Bi Vimla, alikubali kwa sharti moja.

"Nilimwambia, hii maua imeshaenda kwa Mungu. Inaweza kwenda kwa maji ama kwa udongo. Kwa takataka, hapana," anasema Bi Vimla.

Wilondja aliitikia kwa moyo wote. Kisha akaenda Uthiru akayachanganya na samadi ya nguruwe wa jirani, kwa sababu ilikuwa ya bure.

Hakuwa na nia mbaya. Kwake udongo ni udongo. Mboji ikatoka nzuri ajabu, mboga zikanona, na familia zile zikaanza kulipa kodi ya nyumba bila kukimbizana na mwenye nyumba. Mambo yakaenda hivyo hadi Bi Vimla alipomwambia kuwa wazee wa hekalu wangependa kuja Jumamosi kuona maua yao yanaishia wapi.

Wenzake, wakijua kuwa kwa wazee hao nguruwe ni najisi, walimshauri afunike rundo la mboji kwa nyasi, wageni wapite.

"Nikakataa. Ule mama alinipatia kitu ya Mungu wake. Nitamudanganya namna gani?" Alikwenda mwenyewe hadi langoni akasema yote, hata neno nguruwe.

Bi Vimla hakumfokea. Alifunga lango.

Majuma matano yakapita bila hata gunia moja. Kuna wenzake waliomwambia waziwazi kuwa ukweli wake umewaponza, na ni vigumu kuwalaumu, maana watoto hawashibi ukweli. Wilondja alirudi kubeba mawe.

Juma la sita Bi Vimla alitokea Uthiru, peke yake, bila kupiga simu. Alimkuta Wangeci, mwenye shamba, akisaidia kupalilia. Walikuwa wanang'oa mimea fulani yenye maua ya machungwa na kuirusha kando.

"Mimi nilijua ni magugu tu. Ilikuwa inamea kila mahali wameweka hiyo mbolea yao," anasema Wangeci. "Huyo mama akaniambia, 'Ngoja, usitoe hiyo.' Akachuchumaa kwa matope na sari yake. Kuangalia hivi, analia."

Mbegu zilizojificha ndani ya mashada ya hekalu zilikuwa zimeota. Hakuna aliyezipanda.

"Nilikuja kukasirika tena," Bi Vimla anakiri. "Lakini maua haikufa. Sasa nikasirike na nani?"

Wazee wa hekalu walikubali kuanza upya: shimo jingine la mboji, na samadi iwe ya ng'ombe peke yake, mnyama wanayemheshimu. Wakauliza pia swali ambalo halikuwa limemjia mtu yeyote. Kama maua yanaota Uthiru, kwa nini hekalu liendelee kuyanunua mbali? Wakulima wakatenga matuta mawili. Kapu la leo ndilo la kwanza, na wameahidiwa shilingi mia mbili kwa kilo. Lakini likikataliwa, maua yatang'olewa na matuta hayo yarudi kuwa ya mboga.

Lango linafunguliwa. Bi Vimla anatazama kapu kwa muda mrefu, bila tabasamu.

"Umenusa?" anauliza. Maua ya kupelekwa mbele ya Mungu hayanuswi na binadamu kwanza.

"Hapana, Mama. Hata bibi yangu nilimukataza."

Bi Vimla analipokea kapu kwa mikono miwili na kuingia nalo ndani. Wilondja anashusha pumzi.

Mpango wake ni kwamba kabla ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, kila familia iwe na tuta lake la marigoldi, kisha wakodi nusu ekari nyingine kwa Wangeci. Mawe, anasema, ameyaaga.

Anafunga gunia la maua ya jana nyuma ya baiskeli. Anapoulizwa maua aliyoyapanda kwa mikono yake yananukiaje, anacheka.

"Sijue. Nitayanusa kesho, yakirudi kwa gunia."